Sahani Yangu Isiyo na Chumvi

Anayesema kwamba chakula bila chumvi mtu hukizoea, mwulize kwanza kama yeye aliwahi kukatazwa. Mimi sikukizoea. Nilikila kwa hasira, nikapona, na hasira yenyewe haijaisha.

Naandika kwa ajili ya binti ya dada yangu aliyeolewa Unguja. Ameambiwa figo zake zina kasoro na chumvi aiache, naye amelia mpaka mumewe akadhani kuna msiba. Nimeona nisimwambie yeye peke yake, niwaambie na wengine walio kwenye benchi lile lile la wagonjwa. Kiswahili changu nimeachiwa na bibi yangu. Nyumbani kwetu Mahajanga, Madagaska, tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, hospitalini Kifaransa, kwa hiyo nikijikwaa mnisamehe. Mambo ya figo zinavyochuja na zinavyoshindwa muulizeni daktari. Mimi nitasema ambalo daktari halisemi, kwamba maradhi haya yatakutia wivu. Utamwonea wivu mwenye afya, utamwonea wivu mgonjwa mwenzio, utamwonea wivu hata paka anayetafuna kichwa cha ng'onda, samaki wa chumvi, uani.

Ilinianza msimu wa maembe, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Niliamka macho yamevimba. Msa, mume wangu, akaniuliza nililia nini. Nikamwambia bado sijalia. Kisha vikafuata viatu, havikuingia. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa, na wanangu wawili, Zahara na mdogo wake Halidi, wakaligeuza mchezo, kila mmoja anataka kumbonyeza mama. Niliwaacha wacheze. Nilikuwa siwezi kuinuka kuwakimbiza.

Nikapelekwa hospitalini kwa puspusi, kigari cha kuvutwa na mtu, na yule mvutaji akahema njiani mpaka nikaona haya, maana nilijua anavuta maji yaliyojaa mwilini mwangu. Ukutani pale palikuwa na picha ya rais wetu mpya, lakini daktari alikuwa Mfaransa yule yule wa zamani. Tuliokuwa na maradhi ya figo tulikaa benchi la mwisho, kila mtu na chupa yake ya mkojo ameifunga kwenye leso kama anayeficha kileo. Nesi akiita jina la mtu, anamimina kidogo kwenye kijibomba cha kioo na kukishika juu ya moto wa taa ya spiriti. Mkojo wa mwenye afya huchemka ukabaki safi. Wangu ulikuwa ukichemka unaganda mawingu meupe, mfano wa ute wa yai. Wote kwenye benchi tulikuwa tunakodoa macho kwenye kijibomba cha mwenzetu. Palikuwa na mama mmoja wa Kisakalava, mpole, aliyenipa nafasi upande wa dirisha ili nipate upepo. Siku mkojo wake ulipobaki safi alipiga kigelegele humo humo ndani. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilimwambia maneno ambayo bibi yangu hakunifundisha.

Daktari aliniandikia vidonge na akaniamuru nilale. Mwisho akasema chumvi marufuku, hata ya kuonja. Samaki wa chumvi, achari, mkate wa dukani, vyote basi. Mimi ndiye niliyekuwa napikia watu harusi mtaa mzima wa Ampisikina! Nilitoka pale nikiwa nimefiwa.

Mgonjwa wa kulala hapiki. Ndipo akaja Rukia.

Rukia ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu kabisa. Alikuwa ameachwa na mumewe, hana mtoto, ana kiuno, na miguu yake ilikuwa na vifundo. Nataja vifundo kwa sababu mimi vyangu vilikuwa vimepotea. Alishika jiko langu siku ya kwanza, na kufikia Ijumaa watoto walikuwa wanamwita kutoka mlangoni kabla hawajaniamkia mimi. Alipika vyungu viwili, cha watu na cha kwangu. Cha watu kilikwenda kwenye sinia, wakakizunguka wote pamoja, Msa, watoto na Rukia. Changu kiliwekwa kwenye sahani nyeupe, kikafunikwa kawa, kikaletwa kitandani. Nilikuwa nikisikia wanavyocheka kwenye sinia. Hujui sinia lina kelele tamu namna gani mpaka utolewe.

Ngoja niwaeleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Nyumba ile ya Ampisikina nilijengewa na baba yangu kabla sijaolewa, na Msa aliingia humo na sanduku lake la nguo kama mume yeyote. Kwa hiyo mke wa kwetu haogopi kufukuzwa. Anachoogopa ni sanduku. Siku mume anapolibeba kwenda nalo mahali pengine, hata akisema anakwenda kutengeneza bawaba, wewe umekwisha kuachwa au umekwisha kupata mwenzio. Sanduku la Msa lilikuwa chini ya kitanda changu. Miezi yote ile niliyolala nilikuwa nikiteremsha mkono kila asubuhi kulipapasa. Likiwapo, nakunywa uji.

Msa hakufanya kosa lolote ninaloweza kulitaja. Alikuwa mtunza ghala bandarini, mtu wa maneno machache, akirudi ananiuliza hali kisha anakwenda kula. Lakini alikuwa anakula! Siku moja nilimsikia akisema, "Rukia, leo mchuzi umekubali." Miaka kumi na tano ya mchuzi wangu, sikumbuki kama aliwahi kuutaja kwa jina.

Mvua zikaja, zikapita. Vidonge vilipunguza maji miguuni lakini vikanipa uso mwingine, mviringo kama mkate wa sinia, na mashavu yaliyojaa mpaka macho yakabaki mistari. Halidi akasema nimekuwa kama mwezi. Pamoja na uso vikaniletea njaa. Njaa ya vidonge vile si njaa ya kawaida, ingekuwa halali ningekula mkeka. Na Ramadhani ilipoingia nikakatazwa kufunga. Watu wa mtaani wakanionea huruma eti nala mchana. Mimi niliwaonea wivu wao kwa kiu yao, na jioni nikawaonea wivu tena kwa sambusa zao.

Kiangazi kilipotulia daktari akasema nibadilishe hewa, niende kukaa karibu na bahari. Nikamwambia bahari tunayo, iko hapo nje. Akacheka, akasema anataka bahari isiyo na majirani zangu. Msa akapata likizo, akasema twende Nosy Be, kwa shangazi yake aliyekaa Ambanoro. Nosy Be! Mahali Wazungu wanapokwenda kupumzika na kurudi wamekuwa wekundu. Nilifurahi mpaka nilipomwona Rukia anafunga mzigo wake.

"Na wewe unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Dada, nani atakupikia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe sikuweza kuifua mwenyewe.

Tulishuka melini kwenye bandari ya Hell-Ville, tukachukua gari mpaka Ambanoro. Kisiwa kizima kilinuka langilangi, maana ulikuwa msimu wa kuchuma maua na kuyapika mafuta. Nilitegemea Shangazi atanipokea kama mkwe mgonjwa, yaani kwa pole nyingi na godoro la nyuma. Badala yake alikuja mpaka barabarani, mwanamke mzito mwenye fimbo, akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Chumba alichonipa kilikuwa cha mbele, chenye dirisha la baharini. Kitanda kimetandikwa shuka jeupe, chetezo kinafuka udi pembeni, na juu ya meza kuna sahani mpya kabisa, nyeupe, ya kwangu peke yangu. Rukia alipotaka kuingia na viatu, Shangazi akamzuia kwa fimbo. "Vua, mwanangu. Humu kuna mkubwa."

Nikasema moyoni, kumbe Msa ana jamaa wenye adabu.

Siku zile za kwanza zilikuwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nivimbe. Nilikaa kibarazani, miguu juu ya kigoda, naangalia watoto wanavyooga. Wanawake wa kijijini walipita kuniamkia, "Mbola tsara, Bweni," yaani hujambo, Bibi, wakaniachia maua mapajani. Mmoja akaniuliza kama mwanawe atafaulu mtihani. Nikamwambia akisoma atafaulu. Akanishukuru mpaka nikashangaa. Mwingine akaniuliza juu ya ng'ombe. Sahani yangu ilipokuwa inaletwa, wote walikuwa wanainuka na kuniachia nafasi, na hakuna aliyethubutu kuchungulia chini ya kawa.

Zahara ndiye aliyenieleza. Alikuja mbio kutoka kwa watoto wenzake, macho yamemtoka. "Mama, wanasema una jini. Wanasema ni mkubwa sana, ametoka mbali."

Ndipo nikaelewa. Watu wa pwani zile, wawe Wasakalava au sisi, wanajua nani hali chumvi. Jini hali chumvi. Anayewekewa chungu chake mbali, sahani yake nyeupe, kisichoonjwa na mtu mwingine, huyo anamlisha mgeni aliyemkalia kichwani. Msa alikuwa ametanguliza salamu kwamba mke wake hali chumvi. Shangazi alipouliza ni nani aliyemkataza, akajibiwa ni daktari, naye akaona daktari Mfaransa atajua nini, ametamka tu bila kujua amri imetoka wapi. Kisha nikashuka garini na uso wangu wa mwezi, na ile njaa isiyoshiba. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa?

Msa alitaka kwenda kumweleza shangazi yake. Nikamwambia akae.

"Lakini si kweli," akasema.

"Si kweli. Kaa."

Hamkulala miezi ninyi, mkamsikiliza mwingine anasifiwa mchuzi. Ambanoro nilikaa mbele na Rukia akavua viatu mlangoni. Nilimwona akiniangalia kwa jicho la pembeni, jicho ninalolijua vizuri kwa kuwa nililitumia mwaka mzima. Nikashiba kidogo.

Lakini naye, sitamnyima haki yake, alikuwa anapika. Ilikuwa Ambanoro ndipo alipokipatia chungu changu. Alikamua ndimu, akaloweka ukwaju, akasaga pilipili manga mbichi za pale pale kisiwani, akakaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi pembeni, ndipo akamwingiza samaki. Nilipoonja mara ya kwanza nilifumba macho. Halafu nikafumbua kwa hasira, kwa sababu lilikuwa wazo langu mimi kutumia ukwaju, nililisema nikiwa kitandani, na yeye amelifanya zuri kuliko nilivyolisema.

Basi alasiri moja, watoto wako baharini na Msa amekwenda Hell-Ville, Shangazi akaingia chumbani kwangu. Amejitanda shiromani, nguo yake ya kutokea. Akaweka udi mpya kwenye chetezo, akaweka sahani yangu kati yetu, akaketi chini, yeye na umri wake, mimi niko kitandani. Nilipotaka kuteremka akanizuia. Akasema, lakini si kwangu. Alikuwa anaiambia sahani.

"Mgeni wetu mtukufu, tunakuheshimu. Hatukukusumbua, tumekupa cheo chako. Sasa nina ombi. Huyu uliyemkalia ni mkwe wangu, mtu mwema, lakini mwili umemwelemea. Mwanangu Msa anahitaji nyumba yenye mikono. Rukia yupo, ni damu moja na huyu, hatamdhulumu. Nataka kuwaoza kabla hawajarudi Mahajanga. Yule msichana nimemwuliza, akasema aulizwe dada yake. Nami najua dada yake hajisemei, msemaji ni wewe. Ninyi watukufu mna wivu, na sitaki watoto waingie katika hasira yako. Sema unachotaka. Mbuzi mweupe, marashi, nguo, nitatoa. Una neno?"

Mkono ulishuka wenyewe chini ya kitanda kutafuta sanduku, nikakumbuka kwamba liko Ampisikina na mimi niko kisiwani kwa watu. Kila nilichokiogopa mwaka mzima kilikuwa kimeketi mbele yangu kwa adabu na udi. Na njia rahisi ilikuwa wazi. Ningegeuza macho kidogo, nikaunguruma, nikasema jini amekataa, na jambo lingekwisha siku ile.

Lakini wivu ulinijia, safari hii kwa jini. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza mimi. Wameniuliza hali, wameniuliza choo, wamechemsha mkojo wangu mbele ya watu. Na leo swali lenyewe la maisha yangu linakwenda kuulizwa mtu mwingine, asiyekuwapo, na yeye ndiye aahidiwe mbuzi!

Nikasema, "Shangazi, jini hana neno. Mwenye neno ni mimi."

Akainua macho kutoka kwenye sahani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniangalia.

"Wewe nani?"

"Mimi Echati. Mwenye nyumba ya Ampisikina. Sina jini, nina figo. Na sitaki. Si Rukia, si mwingine. Nikifa mtaamua wenyewe, lakini mimi sijafa, naona wivu mpaka kwenye kucha."

Nilitegemea ghadhabu. Shangazi akalaza fimbo mapajani, moshi unatupita. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Afadhali angekuwa jini," akasema. "Jini ningemtuliza kwa mbuzi. Wewe nitakutuliza kwa nini?"

Sikuwa nimefikiri. Lilitoka tu. "Leo kipikwe chungu kimoja. Changu. Na mimi nikae kwenye sinia."

Ikawa hivyo. Shangazi akatoa amri na hakuna aliyehoji. Sinia likawekwa kibarazani kukiwa bado na mwanga, wali na samaki wa ukwaju, bila hata punje ya chumvi. Nikaketi chini nao, ubavu kwa ubavu na Msa, mara ya kwanza tangu msimu wa maembe. Nilimtazama kila mmoja anapotia tonge mdomoni. Halidi alikunja uso. Shangazi alitafuna polepole kama anayesikiliza habari. Msa alimeza, akanywa maji, akaniangalia.

"Hivi ndivyo unavyokula?"

"Hivi ndivyo."

"Siku zote?"

"Hiki ni kizuri. Ungeonja vile vya kwanza."

Akatia tonge la pili, na la tatu. Baadaye Rukia akaleta kisahani cha chumvi akakiweka pembeni, anayetaka achovye. Tangu siku ile ndivyo tulivyokula nyumbani kwangu, chungu kimoja bila chumvi, na chumvi kwenye kisahani mbali na mkono wangu. Wewe mgonjwa unayesoma, ukichukua neno moja tu hapa chukua hilo. Usikubali chungu cha pili. Hakipungukiwi chumvi tu, kinakutoa kwenye sinia.

Kesho yake nilimkuta Rukia ufukweni anapara samaki. Niliketi juu ya jiwe nikamwuliza kwa nini hakumkatalia Shangazi mwenyewe.

"Mimi mwanamke niliyeachwa, dada, nimkatalie mzee wa watu nyumbani kwake? Nikasema akuulize wewe. Nilijua utajibu nini." Akacheka, magamba yamemrukia mashavuni. "Halafu nani alikwambia namtaka shemeji? Anakoroma yule, kuta zinatetemeka."

Nilicheka naye mpaka mbavu zikauma. Nilipokuwa narudi nyumbani nikasimama njiani nikajiuliza anajuaje kama anakoroma. Nikakumbuka kwamba Ampisikina nzima inajua.

Msa naye nilimwuliza, tukiwa melini tunarudi. "Ulijua?"

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

"Na wangekuuliza?"

Alifikiri, kwa sababu yeye hufikiri. "Ningesema ngoja nikamwulize Echati."

Jibu hilo nimelitafuna miaka yote hii na bado sijajua kama lina chumvi au halina. Lakini tulipofika nyumbani, kabla sijavua buibui, niliinama chini ya kitanda. Sanduku lilikuwapo, na paka amezalia juu yake.

Mvua zilizofuata, nesi alikishika kijibomba changu juu ya moto, na benchi zima likakodoa macho. Mawingu yalikuwa kidogo. Mwezi mwingine yakawa kidogo zaidi. Maembe yalipoiva tena, mkojo ulichemka ukabaki safi. Nilipiga kigelegele kama yule mama wa Kisakalava, na nikamwona msichana mmoja mwishoni mwa benchi, miguu imemvimba, ananitazama kwa macho yaliyonitakia kila baya. Nikaenda kuketi karibu naye. Sikumwambia apige moyo konde. Nilimwambia anionee wivu anavyotaka, nimekuja kumpisha upande wa dirisha. Uso wangu ulirudi kidogo kidogo vidonge vilipopunguzwa, na vifundo vyangu vikatokea, nikawaita watoto waje kuvitazama.

Rukia akaposwa mwaka huo na fundi cherehani wa Mahajanga, mtu mzuri, mpole, asiyekoroma kwa alivyodai mwenyewe. Nilimpikia harusi mwenyewe, vyungu vyote, nikamwachia mwingine aonje chumvi. Siku ya saba nikarudi jikoni kwangu, peke yangu, jiko lote langu kama nilivyoomba kwa Mungu usiku na mchana. Nikaloweka ukwaju, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi pembeni, nikamtia samaki. Nikaonja, na haikuwa ladha ile ya Rukia.

Nilikaa juu ya kigoda na kijiko mkononi, nikamfikiria yule fundi cherehani, saa hizo ameketi kwenye sinia lake, anaoshwa mikono, anafunuliwa chungu. Nikamwonea wivu mwanamume yule mpaka machozi yakanitoka.